Kikuria, Mto Mara na Mpaka

Kikuria ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kikisii cha Kenya na wa Kingoreme, Kisimbiti na Kizanaki cha hapa mkoani Mara, Tanzania. Nyumbani kwake ni milima ya Tarime, Sirari hadi Nyamwaga na Nyamongo, kisha inavuka Mto Mara na kuingia Serengeti, ambako Wakuria wamekaa jirani na Wangoreme na Waikoma. Wenyewe huiita Igikuria.

Zamani jina la Kuria halikuwa la wote. Mtu akiulizwa ni nani, alitaja ukoo wake: Mtimbaru, Mnyabasi, Mkira, Mwirege, Mnchari. Ukuria kama jina la jumla ulienea enzi ya ukoloni, na hadi leo msikivu mzuri humtambua mtu wa ukoo fulani kwa matamshi yake.

Lugha hii pia imehifadhi historia ambayo hakuna aliyeiandika. Mkuria huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, upande wa Saai au upande wa Chuma, na miongoni mwa majina hayo ya kupokezana wamo Maina na Nyangi. Wakalenjin wa Kenya nao wana marika yenye majina yanayofanana na hayo, Maina, Chumo na Nyongi. Hapo huhitaji hati yoyote kujua kwamba watu hawa waliwahi kuishi pamoja na kuazimana mila.

Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mstari utokao mlango wa Mto Umba, pwani, hadi Ziwa Victoria. Hawakumuuliza Mkuria. Wanyabasi, Wakira, Wairege na Wagumbe wakajikuta wako pande zote mbili, na tangu hapo lugha moja ikawa na serikali mbili. Upande wa Kenya watoto wa madarasa ya chini waliruhusiwa kusoma kwa lugha ya nyumbani, na mwaka 1993 Kuria ikawa wilaya. Upande wetu Kiswahili kilishika shule za msingi, mahakama za mwanzo na ofisi, nasi tumefaidika nacho sana, sikatai. Kikuria kikabaki nyumbani, sokoni na kwenye iritongo, baraza la ukoo, ambako mzee hawezi kusema jambo zito kwa lugha nyingine akaeleweka vilivyo.

Kuna uzuri mmoja wa Kikuria ambao wengi wetu tunautumia bila kuujua. Irabu zake ni saba, si tano kama za Kiswahili, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni toni. Sauti ya juu katika kitenzi huangukia mahali kulingana na wakati: kwa jambo lililokwisha kutendeka hupanda mwanzoni kabisa mwa shina, kwa lililokuwa likiendelea hupanda hatua ya pili, kwa lijalo hatua ya tatu, na kwa lililo karibu kutendeka hatua ya nne. Shina likiwa fupi, hesabu haikomi. Ukisema *toraroma egetooke*, tuko karibu kung'ata ndizi, kitenzi kinaisha kabla ya hatua ya nne, basi sauti ya juu inarukia kwenye ndizi yenyewe. Wataalamu wa isimu, akiwemo Leonard Chacha Mwita wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wameliandikia jambo hili tasnifu na makala, kwa sababu ni nadra duniani. Mtoto wa Nyamwaga analifanya kabla hajaanza shule.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha zetu za jamii kuwa hazina ya taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Ni kazi ya heshima, lakini ramani haina sauti, na orodha ya maneno iliyoandikwa kwa herufi za Kiswahili hupoteza irabu mbili na toni zote. Basi kijana wa Tarime, au wa Mugumu kule Serengeti, mwenye simu mkononi, usiyaandike maneno ya bibi yako daftarini. Mrekodi akizungumza.