NULL si sifuri, jamani

Juzi nilitafuta wanachama wa chama cha akiba ambao hawajalipa: WHERE tarehe_malipo = NULL. Haukurudi hata mstari mmoja. Nikamwambia mweka hazina wote wamelipa. Nusura awape wadaiwa mikopo!

Chanzo ni cha zamani. Edgar Codd wa IBM, Marekani, alichapisha nadharia ya majedwali mwaka 1970. Mwaka 1974 Chamberlin na Boyce, pia wa IBM, wakaitolea lugha ya SEQUEL, mama wa SQL. Mwaka 1979 Codd akafafanua mantiki ya majibu matatu: kweli, si kweli, haijulikani.

NULL haijulikani, basi hailingani hata na NULL mwenzake. WHERE hupitisha kweli pekee. Andika IS NULL, usiaibike kama mimi.