Upweke na Kujihoji katika Ushairi wa Kiswahili: Sauti ya Dhiki (1973) na Kichomi (1974)

Historia ya ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 huelezwa kwa kawaida kama mgogoro wa umbo. Upande mmoja walisimama wanamapokeo, walioshikilia kanuni za vina na mizani zilizofafanuliwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954; upande wa pili walisimama wanamabadiliko, wakiwemo Euphrase Kezilahabi, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi. Mgawanyo huo umezaa dhana kwamba nafsi pweke inayojihoji iliingia katika ushairi wetu kupitia mlango wa mashairi huru. Makala hii inaipinga dhana hiyo kwa kulinganisha diwani mbili zilizotofautiana kwa mwaka mmoja tu.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga kizuizini, akiwa ametengwa na wafungwa wenzake, na akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ni vigumu kufikiria upweke ulio dhahiri kuliko huo. Hata hivyo, alitunga kwa Kimvita na kwa kufuata arudhi. Uamuzi huo una maana. Vina na mizani ni mali ya jamii: anayevitumia hutunga akiwa na masikio ya wengine akilini. Katika shairi la “Mnazi: Vuta N’kuvute”, mfungwa asiye na mtu wa kuzungumza naye anatunga majibizano ya ndugu wawili. Ukuta umemtenga na watu, lakini umbo limemrudisha barazani.

Upweke wa Kichomi ni wa namna nyingine. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuwa mfungwa; alikuwa msomi kijana katika Tanzania ya Azimio la Arusha, wakati ambapo lugha ya umma ilisisitiza “sisi”. Katika “Kisu Mkononi”, nafsineni inapima thamani ya kuendelea kuishi bila mlinzi wala hukumu ya mahakama. Kinachoitenga ni fikra zake yenyewe. Kuvunjwa kwa vina hapa si uasi wa kiufundi pekee: msomaji ananyimwa kituo anachokitarajia, naye analazimika kusitasita pamoja na msemaji.

Kwa hiyo, tofauti ya diwani hizi haiko katika kuwapo au kutokuwapo kwa upweke. Iko katika uhusiano wa nafsi na hadhira. Abdilatif anajihoji ili athibitishe msimamo ambao jamii inaweza kuushuhudia. Kezilahabi anajihoji bila uhakika kwamba jibu lipo, wala kwamba yupo wa kulipokea.

Usomaji huu unaathiri namna ya kuuandika mgogoro wenyewe. Waliodai kwamba tungo za Kezilahabi si mashairi walikuwa wakitetea zaidi ya hesabu ya silabi. Walitetea imani kwamba shairi ni mazungumzo, na kwamba hata aliye peke yake hutunga akiwa miongoni mwa watu. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa kama hoja ya kifalsafa, badala ya kupuuzwa kama ukaidi wa wahafidhina.