Uhuru: setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni

Majukwaa ya chuma yanayoonekana baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Kenya, ni ya kituo cha San Marco, kilichojengwa na Waitalia chini ya uongozi wa Luigi Broglio. Kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilirusha setilaiti 9 kutoka hapa. Hapa ni karibu na ikweta, mahali ambapo dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irukayo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapa setilaiti ya NASA ya kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisifike ardhini. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, ikizunguka dunia kila baada ya dakika 96, zaidi ya kilomita 500 juu. Vipimo vyake viwili, vilivyopeana mgongo, vilipekua anga taratibu, na hatimaye vyanzo 339 vya eksirei vikaorodheshwa. Kilichosisimua zaidi kilikuwa Cygnus X-1: eksirei zake zilipepesa upesi mno, dalili ya kitu kidogo sana. Leo hutambuliwa kuwa shimo jeusi.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973, ikaanguka na kuungua angani Aprili 1979. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002.