Nukta Tisa za Neno Mara: Safari ya Vifaa Saidizi hadi Madarasa ya Tarime na Serengeti

Kabla ubao na chaki havijafika katika vilima vya Tarime na nyanda za Serengeti, elimu ilikuwa ya sikio na mkono. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na majirani zao walirithishana habari za koo, malezi ya mifugo na miiko ya rika kwa masimulizi na kwa vitendo. Asiyeona aliyasikia masimulizi. Asiyesikia alimtazama mchungaji na kumwiga. Maisha yao hayakuwa mepesi, lakini hapakuwa bado na ukurasa wa kuwazuia mlangoni.

Ukurasa ulikuja na ukoloni. Wajerumani walijenga boma Shirati, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikawa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1934 Wamenoni kutoka Marekani walifungua misheni hapohapo Shirati, katika eneo lililokuwa la Tarime hadi wilaya ya Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Mwaka huohuo wa 1934 mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Shule za zama hizo zilidai jicho la kusoma ubaoni, na sikio la kumfuata mwalimu aliyesema Kiswahili mbele ya watoto waliolelewa kwa Kikurya au Kizanaki. Mtoto aliyekosa kimojawapo alibaki nyumbani, na daftari la mahudhurio halikuonyesha kwamba kuna aliyekosekana.

Inauma kukumbuka kwamba dawa ilikwishapatikana. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, Louis Braille wa Ufaransa alikuwa amebuni maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa ncha za vidole; sisi tunayaita nukta nundu. Zaidi ya karne moja ilipita kabla hayajapata makao ya kudumu Afrika Mashariki. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946. Waanglikana wakafungua ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka uliofuata, huko Marekani, mashine ya kuandikia nukta nundu iliyobuniwa na David Abraham kwa ajili ya shule ya wasioona ya Perkins ilianza kutengenezwa kwa wingi. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, shule ya wasioona ya Irente ilianzishwa Lushoto, na ya viziwi ikaanzishwa Tabora.

Ramani hiyo ina maana nzito kwa Mara. Vifaa, vitabu na walimu vilikaa mbali, na mtoto ndiye aliyevifuata. Aliyetoka Tarime kwenda Buigiri alishuka kwanza hadi Mwanza, akapanda treni kwenye reli iliyofika huko mwaka 1928, akapita Tabora ndipo afike Dodoma. Nazienzi shule zile, kwa kuwa ndizo zilizotoa wasomi wasioona wa kwanza wa nchi hii. Hata hivyo zilimdai mtoto mdogo aache mama na lugha ya nyumbani ili apate alfabeti, na ambaye wazazi wake hawakuwa na nauli wala habari za shule hakupata hata hiyo.

Mwezi Novemba 1974 TANU ilitoa Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya kuwa ya lazima. Madarasa yalifurika. Neno "wote" lilikuwa limetamkwa mkoani Mara kwenyewe, na halikuweza kurudishwa. Katika zama zilizofuata, vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu viliingia ndani ya shule za kawaida, na Mwisenge ileile ya Nyerere ikawa na kitengo cha wasioona. Safari ya mtoto ilifupika. Vifaa ndivyo vilivyobaki adimu: mashine ya Perkins iliagizwa ng'ambo, na kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa yanayojaza rafu.

Mwaka 1994, mjini Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ijirekebishe imfae mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Lakini miaka hiyohiyo Kanda ya Ziwa ilikuwa ikipita katika giza la mauaji ya watu wenye ualbino. Watoto walihamishiwa mabwenini, kama ya Mitindo wilayani Misungwi, kwa sababu ya kulinda uhai wao. Kile walichohitaji darasani kilikuwa kidogo mno: kofia pana, dawa ya kukinga jua, maandishi yaliyokuzwa, darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao, na kiti cha mbele kisichopigwa na mwanga wa dirisha. Wengi wao wana uoni hafifu, na nukta nundu walizofundishwa baadhi yao hawakuzihitaji.

Zama za kompyuta zilileta kifaa chepesi zaidi. Programu ya NVDA, inayosoma kioo kwa sauti na inayotolewa bure, ilianza Australia mwaka 2006. Simu za Android zikapata msomaji wake, TalkBack, mwaka 2009. Sasa simu ya mwalimu ya mfukoni inaweza kukuza herufi au kumsomea mwanafunzi. Tangu 2022 mpango wa Shule Bora, ambao Mara ni mmoja wa mikoa yake tisa, umeweka ujumuishi miongoni mwa malengo yake. Urithi wa zamani haujaisha, hata hivyo. Betri ya shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, hudumu wiki moja au mbili tu, na bila betri mpya kifaa cha gharama kubwa huwa kizibo cha sikio. Mtoto kiziwi wa nyumba ya Wakurya hukutana shuleni na lugha ya alama na Kiswahili cha kuandikwa kwa pamoja, huku mama yake akiwa hana hata moja ya lugha hizo za kumwitia chakula. Semina ya siku mbili kwa walimu haiwezi kuubeba mzigo huo. Mwalimu aliyesomea elimu maalumu, akiwa na fundi na fungu la bajeti la kila mwaka, anaweza.

Mtazame anayejifunza kuandika leo. Mwenye kibao na kichomo hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, maana zitasomwa upande wa pili wa karatasi. Mwenye mashine huandika kuelekea kulia, akibonyeza kwa mara moja vitufe vyote vya herufi. Neno Mara lina nukta tisa: tatu za M, moja ya A, nne za R, moja ya A. Kengele ndogo hulia mstari unapokaribia kwisha, naye hurudisha kichwa cha mashine mwanzo, akapitisha kidole juu ya neno kuhakikisha, kisha akageuza uso kumsikiliza mwalimu anayeendelea kusomea darasa zima imla.