Mchezo wa nyoka kwenye kitochi: ubunifu ni upi, mbwembwe ni zipi?

Msikilizaji wetu wa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, au popote ulipo: kama umewahi kumiliki kitochi, mchezo wa nyoka unaujua. Anakula, anarefuka, akijigonga mwilini mchezo umekwisha. Umetolewa upya mara nyingi, na historia yake inatusaidia kutofautisha ubunifu na mbwembwe.

Ulianzia wapi?
Wazo lake lilikuwepo kwenye mashine za michezo tangu miaka ya 1970. Mwaka 1997 mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, aliutengeneza kwa ajili ya simu ya Nokia 6110.

Ubunifu ni upi?
Ni jambo jipya linalobadilisha uchezaji wenyewe. Katika toleo la pili, lililokuwa ndani ya Nokia 3310 ya mwaka 2000, nyoka aliweza kupenya upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili. Vitufe vilibaki vilevile, aliyezoea toleo la kwanza hakuhitaji kufundishwa, lakini alilazimika kubuni mbinu mpya.

Mbwembwe ni zipi?
Ni jambo jipya linalovutia macho na kuleta usumbufu. Mwaka 2003 Nokia ilitoa N-Gage, simu ya michezo. Ili ubadilishe mchezo, ulitoa kwanza betri; ili uongee, uliishika kwa ubavu sikioni. Mauzo hayakufikia matarajio. Mwaka huohuo ilitoka Nokia 1100, yenye nyoka yuleyule na tochi ndogo kichwani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Tochi hiyo ilimfaa mtu anayekwenda zizini usiku, na ndiyo maana simu za aina hiyo tunaziita vitochi hadi leo.

Kwako inahusu nini?
Kwenye simu janja, michezo mingi ya nyoka huja na matangazo yanayokula bando na rangi za nyoka za kununua. Kabla hujapakua toleo jipya, jiulize: hiki kipya kikiondolewa, mchezo utapungukiwa na nini? Kama jibu ni hakuna, bando lako libaki kwa kuulizia bei ya alizeti. Nyoka wa rangi ya dhahabu hutambaa kama yule mweusi.