Kanda za 2Pac

Vijana hapa kambini bado wanabisha eti 2Pac yuko hai: kama sivyo, albamu zimetokaje? Zimetoka kwenye kanda. Jamaa alirekodi kwa haraka sana, nyimbo kibao zikabaki. Alikufa Septemba 1996. Mwaka uliofuata mama yake, Afeni Shakur, akaanzisha lebo ya Amaru na kutoa R U Still Down?. Hiyo sina neno nayo, mama ni mama. Lakini Loyal to the Game ya 2004! Eminem aliweka midundo mipya, akakatakata sauti na kuiunga mpaka marehemu akasikika akiitaja G-Unit, kundi ambalo 1996 halikuwepo. Nyinyi wa mashirika mnaorekodi simulizi zetu, mkishakata, mturudishie tusikilize kwanza.