Mwalimu Wako Hakuwa na Likizo

Ukikaa maskani yoyote Likoni ama Kisauni, hukosi kumsikia mtu akimcheka mwalimu: "Ana mastazi na bado anashika chaki! Sasa alisomea nini?" Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo watu hudhani nitacheka nao. Hapana. Hiyo mastazi ina historia yake, na ukiijua hutacheka.

Turudi 1967. Kenya haijatimiza miaka minne ya uhuru, shule zinafunguliwa kila upande, na walimu wengi wako darasani bila mafunzo. Serikali haingeweza kuwatoa wote kwa mpigo ili wakasome. Watoto wangebaki na nani? Basi chuo kikuu kule Nairobi kikaanzisha masomo ya posta. Mchana mwalimu anafundisha, jioni anasikiza somo kwa redio, Sauti ya Kenya, kisha anaandika kazi yake na kuituma kwa bahasha. Akifaulu, anapanda daraja. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano: soma bila kuacha kazi, nasi tutakutambua.

Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaleta shahada ya ualimu kwa walio kazini. Halafu 1998 kikafungua paraleli, yaani unajilipia karo mwenyewe, bila ruzuku. Vyuo vingine vikafuata mbio. Hapa kwetu kampasi zikafunguliwa kisiwani, na walimu wakaingia: madarasa ya jioni, ya wikendi, na ya likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Wewe unacheza mpira, yeye yuko darasani anafundishwa.

Sasa piga hesabu ya wa bara. Wa Likoni akitoka shule lazima avuke feri, asome, kisha avuke tena usiku. Wa Changamwe anabanwa na malori ya bandarini. Wa Kisauni anangoja daraja la Nyali lipumue. Na karo je? Wengi walichukua mkopo wa sako, mshahara ukakatwa kila mwezi kwa miaka.

Hawakuwa wajinga. Kwa taratibu za zamani, cheti cha juu kilikuwa na uzito kwenye cheo na mshahara. Lakini 2016 TSC na vyama vya walimu wakatia sahihi mkataba wa 2017 hadi 2021, na ukaja mwongozo mpya wa kupanda vyeo. Karatasi peke yake haitoshi tena. Ungoje nafasi itangazwe, ufanyiwe tathmini, uhojiwe.

KNUT wakaenda kortini, na Julai 2019 wakashinda: wanachama wao wapandishwe kwa taratibu za zamani. Ushindi huo ukageuka shubiri. TSC ikawaondoa kwenye nyongeza za mkataba mpya, na walimu wengi wakakihama chama. Fikiria hapo: umeshinda kesi, lakini jirani yako ambaye hakushtaki anapata pesa nyingi kukuliko.

Hoja ya upande wa pili naijua. Karatasi haimfanyi mtu awe mwalimu mzuri, na kupima kazi ya mtu ni haki. Nakubali kabisa. Lakini kwa aliyeanza kusoma na kukopa chini ya ahadi ya zamani, bei imebadilishwa mzigo ukiwa tayari njiani. Wa kuanzia leo, sawa, mpe sheria mpya. Wa jana alipwe kwa sheria ya jana.

Maana tangu zile bahasha za 1967, nchi hii imekuwa ikipata walimu wenye elimu zaidi kwa usiku wao, likizo zao, na baadaye kwa pesa za mifuko yao. Shule zimefaidika. Wewe na mimi tumefaidika, hata sisi tusio na digrii. Kwa hivyo ukimwona ticha wako wa zamani kwenye foleni ya feri, usimuulize mastazi imemletea nini. Muulize bado anadaiwa ngapi.